Mada Si Stori: Kwa Vijana Wetu Wanaojifunza Habari za Video

Binti ya ndugu yangu anasomea uandishi wa habari hapa Mombasa, mwaka wa pili. Juzi juzi alikuja nyumbani baada ya Alasiri, uso umemshuka.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

Akanipa simu nisome. Alikuwa amempelekea mhariri mmoja mapendekezo matatu ya habari za video, na yote matatu yamerudi na jibu la mstari mmoja: hizi ni mada, si stori. Mapendekezo yenyewe yalikuwa haya: athari za bandari ya Lamu kwa wavuvi, dawa za kulevya kwa vijana wa Pwani, na kupotea kwa utamaduni wa Mswahili.

Nilicheka, akanuna. Sikumcheka yeye. Nilipokuwa nasomea diploma yangu nami nilipeleka hayo hayo, isipokuwa la bandari. Na kwa kuwa najua wako wengi kama yeye, wenye simu nzuri na hamu kubwa lakini kila wanachopeleka kinarudi, nimeona nyalo tuliyozungumza niyaweke hapa. Wazazi wanaolipa karo pia wasome, wajue mtoto anatafuta nini anapozunguka mtaani na kamera.

Tuanze na Lamu, maana hilo ndilo lililokaribia kuwa stori. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Hayo kila mhariri anayajua. Akisoma "athari za bandari" anajiuliza swali moja tu: kamera itaelekezwa wapi? Athari haina uso, wala haiamki alfajiri ikaenda pwani. Lakini mvuvi mmoja aliyezoea kuvua karibu na mikoko kwa ngarawa, na sasa inambidi aamue ama auze chombo ama akitoe bahari kuu isiyokuwa saizi yake, huyo unaweza kumfuata siku tatu ukarudi na kitu.

Basi nikamwambia aandike sentensi moja kwa kila wazo: fulani anataka jambo fulani, na kitu fulani kinamzuia. Ikishindikana kuijaza kwa mtu halisi aliyezungumza naye, bado hana stori, ana mada. Kisha ajibu mawili. Kwa nini sasa, si mwaka jana wala mwaka ujao? Na mtazamaji ataona nini? Hili la pili ndilo linalowaangusha wengi. Gazetini unaweza kueleza jambo lililokwisha kutokea na likasomeka. Kwenye video, jambo lililokwisha limekuachia watu wamekaa vitini wanasimulia. Tafuta jambo linalokaribia kutokea, ufike kabla yake.

Alikaa kimya kidogo. Halafu akaniambia kuna bi kizee mtaani kwao, Mji wa Kale, anayeshona kofia kwa mkono, zile za vitobo vidogo vidogo. Ameagizwa kofia ya bwana harusi, na nikaha ni baada ya wiki tatu. Macho yake yamepungua nuru. Sasa anashona mchana tu, karibu na dirisha, na mjukuu ndiye anayemtungia uzi. Anataka kuimaliza kabla ya siku, na hataki kumpa mtu mwingine aimalizie.

"Na hii umeificha wapi siku zote?" nikamuuliza.

"Niliona ni jambo dogo, ami."

Angalia: mtu yuko, anachotaka kiko, kizuizi kiko, tarehe iko. Na lile pendekezo lake la utamaduni kupotea limo humu humu, bila ya yeye kulitamka.

Lakini bi kizee alikuwa na sharti. Uso wake usionekane, na ndani ya nyumba asirekodiwe bila ya buibui. Binti akadhani mambo yameharibika. Mimi nikamwambia sharti hilo limemsaidia. Wanafunzi wengi hufundishwa picha tano za kuanzia: mikono inayofanya kazi, uso wa anayeifanya, mahali pote kwa mbali, picha kutoka nyuma ya bega lake, na moja ya pembe isiyotarajiwa. Katika hizo, ya uso ndiyo pekee iliyokatazwa. Kofia hushonwa kwa mikono, na mikono ile ina miaka yake. Dole gumba lina alama za sindano. Ukishika picha hiyo sekunde 10 bila kutikisika, umeeleza zaidi ya dakika mbili za maneno. Na hizo sekunde 10 zihesabiwe kweli. Vijana huzungusha simu kama wanaofukuza nzi, kisha wakikaa kuhariri hawana hata picha moja iliyotulia.

Mambo ya simu yenyewe ni machache. Futa lenzi, maana ina mafuta ya viazi karai. Iweke katika hali ya ndegeni ili mama asipige katikati. Ilaze, isipokuwa aliyekuagiza ametaka picha ya wima. Umeme wetu ni hertz 50, kwa hivyo chagua fremu 25 kwa sekunde, la sivyo taa za ndani huweza kupepesa katika picha. Mtu aketi dirisha likiwa ubavuni mwake, lisiwe mgongoni. Basi.

Sauti ndiyo yenye kazi. Mtazamaji huvumilia picha iliyofifia, lakini sauti mbovu humfukuza. Zima feni, na uombe friji izimwe kwa muda (weka ufunguo wako juu yake usisahau kuiwasha, samaki wa watu wasiharibike). Kama huna maikrofoni ya kubana kwenye nguo, azima simu ya pili, iweke mapajani mwa anayezungumza ikirekodi sauti tu. Piga kofi moja mwanzo ili baadaye uoanishe sauti na picha. Na azana ikianza, simamisha mahojiano. Kwanza ni adabu. Pili, ukiikata sentensi iliyo na azana nyuma yake, azana nayo itaruka, na kila Muislamu atasikia kwamba imerukwa. Iache simu ikirekodi mpaka mwisho, upate sauti kamili ya mtaa.

Maswali nayo. Ukimuuliza "umeanza lini?" atakujibu "zamani," na sauti yako haitakuwemo, kwa hivyo hiyo "zamani" haina kichwa wala miguu. Mwambie, "Bibi, nielezee siku ya kwanza uliyoshika sindano." Kisha nyamaza. Akimaliza, nyamaza tena kidogo. Mara nyingi neno zuri huja baada ya pale ulipodhani amemaliza.

Sasa nifike kwenye lililoniuma mimi. Zamani nikijifunza, tukitumia kanda za dakika 60, nilikwenda kurekodi wavuvi wakitoka alfajiri maji yakijaa. Betri ikaniishia. Nilirudi saa nne nikawaomba wasukume mashua tena, wakanisitiri, wakasukuma. Nikaisomea maelezo kwamba ni alfajiri. Wazee wa barazani walipoiona walicheka mpaka wakashika mbavu: maji yamekupwa, mwamba uko nje, na vivuli vifupi. Mtu wa Pwani humdanganyi kwa bahari. Aliyesukuma mashua ile wakambandika jina la mvuvi wa sinema, likamkaa miaka. Mimi nilipata alama za kupita, na yeye akabaki na aibu.

Si mimi wa kwanza. Mwaka 1922 Mmarekani Robert Flaherty alitoa filamu ya Nanook of the North, kuhusu Inuit wa kaskazini mwa Kanada, na mpaka leo inatajwa miongoni mwa filamu za mwanzo za maisha halisi. Lakini wale watu walikuwa tayari wanatumia bunduki, naye akataka waonekane wakiwinda kwa chusa. Nyumba ya barafu ikajengwa upande mmoja wazi ili mwanga uifikie kamera. Binti akaniuliza, basi nikimwomba bibi arudie kutunga uzi ni dhambi? Nikamwambia bibi hutunga uzi mara nyingi kwa siku. Ngoja, atautunga. Usimwombe afanye kile ambacho leo hafanyi ukatuambia anafanya.

Ruhusa isiwe ya mlangoni tu. Mwambie bi kizee itaonekana wapi, na kwamba ikishatoka, mjukuu wake Dubai anaweza kuiona na jirani asiyempenda pia. Mweleze kabla, kisha muulize tena ukimaliza. Akikataa sehemu fulani, iondoe. Wewe utahama mtaa ule siku moja, yeye ataishi na video ile.

Tukakaa kuandika pendekezo. La kwanza lilikuwa ukurasa mzima, lenye neno "mwisho" mara tatu: mshonaji wa mwisho, kizazi cha mwisho. Nikalifuta. Nani kahesabu? Kuna mtaa wa pili, na Lamu, na Siyu. Mhariri akimjua mwingine mmoja tu, umekwisha. Lililobaki ni hili:

"Bi kizee wa Mji wa Kale, Mombasa, ana wiki tatu za kumaliza kofia ya harusi aliyoagizwa. Macho yake yamepungua, anashona kwa mwanga wa dirisha tu, na hataki mwengine aishike. Nitamfuata siku nne: akishona, mjukuu akimtungia uzi, akikabidhi kofia, na siku ya nikaha. Amekubali kurekodiwa mikono na sauti, bila ya uso. Bwana harusi na mjukuu wamekubali kuonekana. Dakika tano. Nimeambatisha sekunde 40 nilizokwisha kurekodi."

Hizo sekunde 40 zina uzito kuliko sifa zote za barua. Ongeza gharama zako, na uulize mapema video ikishanunuliwa ni ya nani. Peleka kwa mhariri mmoja, mpe wiki, ndipo uende kwa mwingine. Na lile la Lamu sikumwambia alitupe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la maandishi ndani ya siku 21. Aandike leo kuuliza fidia imefika wapi, na wakati anasubiri atafute mvuvi wake.

Mhariri alijibu siku ya pili. Hakusema ndiyo. Aliuliza: kofia isipoisha kwa wakati, utafanya nini? Binti akanipigia akiwa na hofu. Nikamwambia mimi sina jibu, akamuulize bi kizee, na aende na kamera.