Herufi za Muhuri: Sarafu za Tabora za 1916 na Asili ya Neno Hela

Mwaka 1916 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilipiga sarafu zake katika karakana ya reli ya Tabora. Kabla ya hapo fedha ya koloni hilo ilitengenezwa Ujerumani na kuletwa kwa meli: sarafu zenye herufi A zilitoka Berlin, na zenye J zilitoka Hamburg. Vita vilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani na sarafu mpya zikaadimika. Noti zilichapishwa humuhumu nchini, lakini karatasi haikuweza kushika nafasi ya sarafu ndogondogo za sokoni. Tabora ikawekewa herufi yake, T.

Wapenzi wa sarafu hupenda zaidi ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima upande mmoja na tai wa dola upande wa pili. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, na zilizopigwa zilizidi 16,000 kwa idadi ndogo tu. Ni sarafu nzuri, na uzuri huo umewanyang'anya wenzake haki yao. Kwa mwanafunzi wa lugha, sarafu ya heller 20, iliyopigwa kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya njano, ina mengi zaidi ya kusema.

Sarafu hupigwa kwa mihuri miwili ya chuma cha pua. Mmoja hukaa chini bila kutikisika, wa pili hushuka kutoka juu, na kati yao huwekwa kisahani cha madini kilicholainishwa kwa moto. Mtambo unapogandamiza, madini hulazimika kuingia katika kila shimo la muhuri. Kilichochongwa ndani kwenye chuma hutokeza nje kwenye sarafu. Kwa sababu hiyo mchongaji hufanya kazi yake kinyume, kama herufi zinavyoonekana kinyume kwenye uso wa muhuri wa mpira wa ofisini. Katika neno HELLER ni H peke yake isiyobadilika ikigeuzwa. E na R huangalia upande usio wake, na L hunyoosha mguu wake kushoto. Muhuri huchongwa chuma kikiwa bado laini, kisha huchomwa na kuzimwa ghafla ili ukomae. Pamoja na ugumu huo, muhuri huchakaa na wakati mwingine hupasuka.

Viwanda vikubwa vya fedha vimeepuka tabu hiyo kwa kutengeneza muhuri mama, ambao huzaa mihuri mingine inayofanana nao kwa kila nukta. Sarafu za Tabora hazina usawa huo. Katika heller 20 kuna taji kubwa na taji dogo. Upande wa pili, L mbili za neno HELLER zimekuja kwa sura tatu: kuna sarafu ambazo ncha za L zote mbili zimechongoka, kuna ambazo zote mbili zimejikunja, na kuna ambazo L ya pili peke yake ndiyo iliyojikunja. Hata rupia 15 ina aina mbili: pambo la kulia huishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA katika aina moja, na chini ya A ya kwanza katika nyingine.

Tofauti hizi zimeachiwa wakusanyaji wa sarafu kwa muda mrefu mno. Mtaalamu wa miswada ya kale hutambua mkono wa mwandishi kwa mkia wa herufi moja, na L ya Tabora yastahili kusomwa kwa jicho hilohilo. Inaonyesha kwamba herufi ilichongwa upya, muhuri baada ya muhuri. Heller 20 mbili za mwaka uleule, thamani ileile na mji uleule zinaweza kuwa zimetoka katika mihuri tofauti.

Herufi hizo zilimfikia msomaji gani? Pesa ya shaba ya kampuni ya Kijerumani, iliyoanza mwaka 1890, ilikuwa na maandishi ya hati ya Kiarabu upande mmoja, hati ambayo watu wa pwani waliosoma waliifahamu. Mwaka 1904 rupia, iliyokuwa na pesa 64, iligawanywa katika heller 100, na sarafu za heller zikaiacha hati hiyo. Jina jipya lilipokewa kwa sikio. Lingepokewa kwa macho, kutoka kwenye maandishi ya sarafu, huenda leo tungekuwa na *heleri. Mjerumani hutamka silabi ya mwisho ya Heller kwa sauti iliyo karibu na a, na Waswahili wakasema hela. Schule, yenye e hafifu mwishoni, ilikuwa shule. Sikio lilitenganisha sauti hizo mbili bila kukosea.

Heller ilikuwa kipimo kidogo mno. Jina lenyewe lina asili ya mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, uliokuwa ukipiga sarafu ya thamani ya chini. Hata hivyo hela imekuwa jina la fedha yote, njia ileile iliyopitwa na pesa, iliyotoka kwenye paisa ya Kihindi. Anayekosa kitu mfukoni hulalamika kwa jina la sarafu ndogo: hana pesa, hana hela, hana hata senti.

Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na upigaji wa sarafu ukakoma. Shilingi ya Afrika Mashariki ilifika Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini hela ilibaki vinywani mwa watu. Urundi, iliyokuwa sehemu ya koloni lilelile, ilikabidhiwa Wabelgiji haohao, nao wakaleta faranga. Kirundi kilikuwa kimekwisha kuligeuza jina la heller kwa sauti zake na kulipa kiambishi cha wingi, na Warundi huita fedha amahera hadi leo.