Miiko ya Uganga wa Vita Mbele ya Adui: Kutoka Kaya hadi Jukwaani

Wahakiki wa tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) wamezoea kuuliza iwapo maji ya mganga yule yalikuwa ya kweli au ya uongo. Makala hii inashikilia kwamba lipo swali zito zaidi: uganga wa vita uliwekewa masharti gani kuhusu ukaribu wa adui, na uliposhindwa, lawama ilimwangukia nani?

Jibu la kwanza li karibu na Mombasa. Mwakirunge, pembezoni mwa Kisauni, imo katika nchi ya Wamijikenda, na kaya za Rabai na Ribe haziko mbali nayo. Katika mila ya kaya, kinga ya mji ni fingo, yaani dawa iliyofukiwa ardhini. Fingo haihitaji mtu wa kuinenea adui afikapo mlangoni. Kazi yake ilikwisha kufanywa zamani, kwa utulivu, na wenye idhini. Ukaribu wa adui hauidhoofishi, bali ndio inaoungojea.

Viapo vya Wagiriama vya mwaka 1913 navyo vilihitaji matayarisho ya mapema. Chini ya uongozi wa Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume cha fisi, ili atakayewatumikia Waingereza apatwe na madhara. Uganga huo haukumlenga Mwingereza mwenyewe; ulimlenga ndugu ambaye angejisogeza kwake. Serikali ya kikoloni ilitambua nguvu hiyo ilikokaa, ndipo Agosti 1914 ikaibomoa Kaya Fungo kwa baruti.

Vita vya Maji Maji (1905-1907), katika koloni la Wajerumani, vilileta sura nyingine. Dawa iliyotoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe haikufukiwa. Ilichukuliwa mwilini hadi mbele ya bunduki. Kwa kuwa ilikwenda na mtu, ililindwa kwa mwenendo wa mtu: mpiganaji alikatazwa kulala na mwanamke na kupora mali. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Tarehe 30 mwezi huo huo, maelfu walioishambulia boma ya Mahenge walipigwa kwa bombomu. Palipokuwa na maiti, palikuwa na maelezo tayari: marehemu alivunja mwiko. Hivyo mwiko uliinusuru dawa kwa kumhukumu aliyekufa, naye hakuwa na njia ya kujitetea.

Ulinganisho na fani ya kigeni unadhihirisha jambo hili. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliochapishwa Marekani mwaka 1974, wachezaji huigiza mashujaa na wachawi. Kwa kanuni za toleo la mwaka 2014, mchawi anayemlenga mtu kwa uchawi wa kurushwa, ilhali adui anayemwona yu ndani ya futi 5, hutupa kete mbili na kuhesabiwa iliyo ndogo. Huko ukaribu hupimwa kwa futi, na kosa ni la kete. Hakuna anayeulizwa alilala wapi usiku wa jana.

Ebrahim Hussein, ambaye hata jina la mhusika wake ameliendeleza tofauti na lile la mtu wa historia, ameufungua mzigo huo kutoka mgongoni mwa marehemu. Kinjeketile wa jukwaani anataka muda: watu waungane, wafunzwe, wangoje amri yake. Wafuasi wanataka kwenda vitani sasa. Sharti linalovunjwa ni la wakati, na mgogoro wa mchezo mzima umejengwa juu yake. Aidha, mwishoni, anapotakiwa na Wajerumani aseme kuwa maji ni uongo, anakataa. Neno alilolitoa limekwisha kuwa mali ya watu, na kulikana ni kuwakana waliolifia.

Kwa kuhitimisha, fingo, kiapo na maji vilitofautiana katika namna ya kumkabili adui, lakini vyote viliwekewa masharti. Anayeishia kuuliza iwapo maji yalifanya kazi anarudia, bila kujua, hukumu ya zamani dhidi ya walioanguka Mahenge. Tamthilia inamwelekeza kwingine: amtazame aliyeweka sharti, na aliyeshindwa kulingoja.