Vyura wa Kabogo na miaka 47 bila kuandikwa

Bandugu wasomi, ukitoka hapa Kalemie na kufuata ziwa kuelekea kaskazini, utafikia pori la Misotshi-Kabogo. Tangu 1960, mwaka wa uhuru, watafiti hawakuingia tena mle, juu ya vurugu na vita. Mwanzoni mwa 2007 njo walirudi: WCS, kituo chetu cha CRSN-Lwiro na Field Museum ya Chicago. Katika safari hiyo moja walipata aina 6 za wanyama ambazo sayansi haikuzijua. Mbili zilikuwa za vyura.

Mbele zaidi, Itombwe, kuna chura mdogo aliyetajwa na Mbelgiji Raymond Laurent miaka ya 1950, kisha hakuonekana tena kwa watafiti. 2011 akapatikana: Eli Greenbaum alikuwepo, na Chifundera Kusamba wa Lwiro, Mkongomani.

Kazi yenyewe ni tochi, buti, kusikiliza sauti usiku, kuinua magogo polepole maana nyoka naye hulala mle. Vyura walikuwepo miaka yote. Mwandishi njo alikosekana. Na Kabogo iko karibu na Kalemie kuliko Chicago. Nani kati yetu atabeba daftari?