Mabomba Yalioshwa, Tangi Likasahauliwa

Mjini tunafungua robine, maji yanatoka, wala hatufikiri yamepita njia gani. Lakini bomba nalo huchafuka. Maji yakienda polepole ndani yake, kutu na udongo mwembamba hutulia chini, na vijidudu hupata pa kukaa. Kwa hiyo wenye kazi ya maji hufungua zile bomba za kuzimia moto zilizo kando ya njia. Maji hukimbia kwa nguvu, husukuma uchafu nje, mpaka yatoke meupe. Kazi hii ni njema, lakini ina utaratibu wake. Tusikilize yaliyopata mji mmoja.

Katika inchi ya Marekani, jimbo la Missouri, kuna mji mdogo uitwao Gideon. Mwaka 1993 ulikuwa na watu karibu 1100. Maji yao yalitoka katika visima virefu sana, yakawekwa katika matangi ya juu, bila kutiwa dawa ya klori. Mwezi wa Novemba watu walilalamika kwamba maji yana ladha mbaya. Basi tarehe 10 wenye kazi wakaanza kuosha mabomba yote ya mji.

Nia yao ilikuwa njema. Lakini ndege walikuwa wameingia katika tangi moja, wakaacha humo mavi na manyoya. Wachunguzi waliona baadaye kwamba maji yalipokimbia kwa nguvu, yaliuvuta uchafu wa tangi na kuupeleka nyumba kwa nyumba. Watu wakashikwa na kuhara. Waganga wakavumbua kijidudu kiitwacho salmonela. Zaidi ya watu 600 waliugua. Wazee 7 wa nyumba ya kutunzia wazee, walioshikwa na kuhara, walikufa.

Tunajifunza nini? Kuosha huanza penye chanzo. Kwanza tangi likaguliwe, lisafishwe, lifunikwe vizuri. Ndipo mabomba yaoshwe, ya karibu kabla ya yale ya mbali. Mwishoni maji yapimwe, tusitegemee macho tu, maana maji meupe yaweza kuficha mauti.

Na sisi tusiokuwa na robine tunao mtungi, tunalo pipa la mvua. Anayeosha kikombe na kuusahau mtungi, amejichosha bure. Leo jioni, ndugu wasomaji, tufunue mtungi wetu, tutazame ndani.