Usafirishaji wa mwili wa marehemu kutoka nje ya nchi (Kilimanjaro)

Usafirishaji wa mwili wa marehemu ni utaratibu wa kumrudisha aliyefia ughaibuni ili azikwe kwao. Kwa Wachaga wa Kwa Sadala, Masama na Machame, wilayani Hai, mahali pa kuzikwa ni kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Ndiyo maana ndugu, majirani na Watanzania walioko ughaibuni huchangishana nauli ya marehemu.

Taratibu. Kwa kawaida huhitajika cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhi mwili kwa dawa, uthibitisho kwamba hakuna hatari ya maambukizi, pasipoti ya marehemu na kibali cha ubalozi wa Tanzania. Jeneza huzibwa kwa bati la zinki, kisha husafirishwa kama mzigo wa ndege. Kwa familia za Hai, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), uliofunguliwa mwaka 1971, ndio ulio karibu.

Mfano. Mfanyabiashara Reginald Mengi alifariki Dubai mapema Mei 2019. Mwili wake uliletwa Dar es Salaam, ukaagwa katika Ukumbi wa Karimjee, akazikwa Machame tarehe 9 Mei.

Familia isiyomudu gharama humzika ndugu yao ugenini na kufanya ibada nyumbani. Heshima ya marehemu haipungui.