Mwambao, Jimbo, Mkoa, Kaunti: Nani Aliulizwa Jina la Pwani?

Desemba 14, 2025 ilitimia miaka 130 tangu Sultani Hamid bin Thuwaini wa Zanzibar na Arthur Hardinge, mwakilishi wa Uingereza, watie sahihi mkataba ulioutia ukanda wa pwani mikononi mwa utawala wa Kiingereza. Sultani aliahidiwa pauni 17,000 kila mwaka. Tarehe hiyo huja siku mbili tu baada ya Jamhuri Dei, wakati viti vya sherehe vinarudishwa ghalani.

Shika Adabu, wadi ya Likoni iliyo kando ya barabara ya Lunga Lunga, imo ndani ya ukanda huo. Tumchukue mtu aliyezaliwa hapo mwaka wa 1919 na Mungu akamjalia umri mrefu. Alizaliwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, akatambaa katika Himaya ya Kenya, akapata wajukuu katika Jimbo la Pwani, akazeekea katika Mkoa wa Pwani, na mwaka wa 2013 akajikuta mkaazi wa Kaunti ya Mombasa. Hakuhamisha hata mafiga ya jikoni. Akiwa Mdigo, ujanani serikali ilimwandika Mnyika, na uzeeni ikamwandika Mijikenda.

Kila jina katika hayo lilikuja na sheria yake, kodi yake na ramani yake. Na karibu kila mara lilipobadilishwa, aliyekuwa akiishi hapo alipewa habari tu.

Ramani ya kwanza ilichorwa Ulaya. Mwaka wa 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar atambuliwe kuwa mwenye ukanda wa maili 10 kutoka ufukweni, tangu Tungi kule kusini hadi Kipini kwenye mdomo wa Mto Tana. Maili hizo 10 hazikufuata mto wala kilima, na hazikuuliza msitu huu ni kaya ya nani, yaani makao ya mababu wa nani. Mwaka uleule mkataba wa Zanzibar ulipotiwa sahihi, 1895, Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi, kusini mwa Likoni, alikuwa amekwisha kushika silaha dhidi ya Waingereza. Vita vyake viliisha mwaka uliofuata, alipovuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani.

Mwaka wa 1920 likaja jina jingine. Bara ikatangazwa Koloni ya Kenya, kwa jina la mlima ambao Ludwig Krapf, mmishenari aliyekuwa na makao yake Rabai, aliuona kwa mbali Desemba 1849. Ukanda wa pwani haukuweza kuwa koloni, kwa kuwa kisheria ulikuwa bado mali ya Sultani, hivyo ukaitwa Himaya ya Kenya. Pwani ikabebeshwa jina la mlima wa bara, huku bendera nyekundu ya Zanzibar ikiendelea kupepea juu ya Fort Jesus.

Majina ya watu yaliuma zaidi kuliko majina ya nchi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka wa 1908 iliwataka wenye ardhi ya pwani wajitokeze kuidai mbele ya msajili. Waliofaidika zaidi ni Waarabu, Waswahili na Wahindi, waliotambuliwa kuwa watu wa kumiliki kiwanja kwa jina la mtu binafsi. Wadigo, Wagiriama na ndugu zao walihesabiwa kuwa wenyeji wa kukaa kikabila katika hifadhi waliyotengewa, nayo ikaitwa kwa jina lao la kikoloni, Hifadhi ya Nyika. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Uskwota wa Pwani ya leo una mizizi yake hapo.

Waswahili wenyewe hawakusalimika. Thenashara Taifa, yaani mataifa 12 ya mji wa Mombasa, walijikuta katikati. Katika miaka ya 1920 Mwarabu wa Mombasa alipata haki ya kupiga kura kumchagua mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Jirani yake wa Kilindini au Changamwe, aliyeswali naye safu moja na pengine akamwoza binti yake, alinyimwa kwa kuwa daftari lilimwandika mwenyeji. Watu wakaanza kudai nasaba kwa bidii kubwa, kwa sababu nasaba ndiyo iliyokuwa ikiamua kodi na kura.

Katika historia hii yote kuna jina moja lililochaguliwa na wenye kuitwa. Wanahistoria Justin Willis na George Gona, waliochunguza kwa kina siasa za Pwani, wanaliweka katika miaka ya 1940 mjini Mombasa. Hadi wakati huo wamishenari na maofisa walikuwa wakisema Wanyika, neno ambalo mtu wa mjini alilitumia kwa dharau, kumtaja mtu wa porini. Mwaka wa 1945 kukawa na chama kilichojiita Mijikenda Union, kikiwakusanya Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi, Wakauma na Wagiriama chini ya jina la miji tisa.

Kwa nini wakati ule? Willis anaeleza kwamba zamani mtu aliyetoka kaya akaja mjini aliweza kupata mwenyeji wa kumpokea, akasilimu, akaoa, na kizazi kimoja baadaye akawa Mswahili. Utawala wa kikoloni uliuziba mlango huo kwa sheria za kazi, makaazi na ardhi. Vijana waliokwama nje ya mlango walijijengea nyumba yao wenyewe.

Haikuwa rahisi kwa wote. Mdigo wa Likoni au Mtongwe alikuwa Mwislamu mwenye shangazi na wajomba ng'ambo ya kivuko, katika mitaa ya Waswahili. Kujiita Mijikenda kulimaanisha kusimama kando na baadhi ya jamaa zake. Hata hivyo jina lilishika. Misitu ya kaya iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2008 kwa jina hilo, na sensa ya 2019 iliwahesabu Mijikenda karibu milioni 2.5. Wanyika wamebaki katika vitabu vya wamishenari.

Ugomvi mkubwa kuliko yote ulilipuka uhuru ulipokaribia. Kati ya 1960 na 1963 ardhi hiihii ilikuwa na majina matatu yanayogombana, na kila jina lilikuwa na chama chake na wapiga debe wake.

La kwanza lilikuwa Mwambao. Waliolibeba, wengi wao Waarabu na Waswahili, walisema pwani haijawahi kuwa koloni, kwa hiyo Uingereza haina haki ya kuikabidhi kwa Nairobi. Wengine walitaka ukanda ujitawale, wengine walitaka urudi kwa Sultani. Miongoni mwa waliokuwa mbele alikuwa Sheikh Abdillahi Nassir, wakati huo kijana wa siasa katika Coast People's Party, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa elimu yake ya dini hadi alipofariki mwaka wa 2022.

La pili lilikuwa Jimbo la Pwani. Ronald Ngala, mwalimu wa Kigiriama aliyeongoza KADU, naye aliiogopa Nairobi na wingi wa kura za bara. Lakini neno Mwambao lilipotajwa, wafuasi wake walisikia utawala wa maliwali wa Sultani na kumbukumbu za utumwa. Walitaka pwani pana kuliko maili 10, iunganishe kaya na ufuko, yenye bunge lake ndani ya Kenya. La tatu lilikuwa Kenya moja, jina la KANU, lililokuwa na wafuasi wengi miongoni mwa makuli na wafanyakazi wa reli waliotoka bara.

Uingereza ilimtuma Sir James Robertson, aliyekuwa ametoka kuwa Gavana Jenerali wa Nigeria, awasikilize watu. Alifika mwaka wa 1961, akapokea hati na ujumbe wa kila upande. Katika ripoti yake ya Desemba mwaka huo alipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, na Waislamu wapewe dhamana za kisheria. Watu wa Mwambao walihisi wamesalitiwa. Mwanahistoria James Brennan, aliyeandika juu ya kushushwa kwa bendera ya Sultani, anaonyesha kwamba ugomvi ule ulikuwa juu ya nani aitwe mwananchi na nani aitwe mgeni katika nchi inayozaliwa. Aliyeshinda jina alishinda na haki ya kumuuliza mwenzake, "Wewe wa wapi?"

Oktoba 1963, jijini London, mambo yalikatwa. Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na mwenzake wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua. Kenyatta aliahidi uhuru wa dini, mahakama za kadhi, kusomeshwa Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, maofisa Waislamu katika sehemu zenye Waislamu wengi, na kuheshimiwa kwa hatimiliki za ardhi. Kwa mkataba wa Oktoba 8, Sultani Jamshid bin Abdullah aliachilia madai yake yote juu ya ukanda, na siku ya uhuru ukawa sehemu ya Kenya. Ahadi ya kadhi imo katika Katiba hadi leo, Kifungu cha 170. Ile ya hatimiliki pia ilitimizwa, na ndiyo inayomuuma skwota, kwa sababu iliyatia muhuri yale yaliyoandikwa chini ya sheria ya 1908.

Kura ya maoni haikupigwa. Si Likoni, si Malindi, si Lamu.

Jimbo nalo halikudumu. KADU ilijivunja Novemba 1964, mabunge ya majimbo yakafutwa, na Pwani ikawa mkoa chini ya mkuu wa mkoa aliyeteuliwa na Rais. Mombasa ikaandikwa upya kwenye vibao vya barabara. Salim Road ikawa Digo Road, na wengi waliona fahari. Kilindini Road, iliyobeba jina la watu wa kale wa kisiwa cha Mombasa, ikawa Moi Avenue. Mwaka wa 1980 vyama vya kikabila vilipigwa marufuku nchini, na Mijikenda Union ikaenda navyo.

Agosti 13, 1997 Likoni iligawanywa kwa maneno mawili, mpwani na mbara. Wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki. Katika wiki zilizofuata makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wenye asili ya bara, walihama. Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, na kura zao ziliondoka pamoja nao. Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano hayo, ilisikiliza ushahidi mwingi. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walibaki na jeraha.

Miaka zaidi ya 10 baadaye jina la pwani lilirudi tena mitaani kwa herufi za rangi ukutani: Pwani si Kenya. Mombasa Republican Council, kundi lililoibeba kaulimbiu hiyo, ilipigwa marufuku Oktoba 2010. Mahakama Kuu ya Mombasa iliondoa marufuku hayo Julai 2012, na Oktoba mwaka huo kiongozi wake, Omar Mwamnuadzi, akakamatwa Kombani, mwendo mfupi kutoka Shika Adabu. Willis na Gona wanaeleza jinsi wafuasi wa kundi hilo walivyotegemea nakala za mikataba ya zamani kuwa ushahidi wao. Zilienea habari kwamba Kenya ilikodishiwa ukanda kwa miaka 50 na muda unakwisha 2013. Mkataba wa 1963 hausemi hivyo. Lakini mtu ataujuaje, ikiwa hajawahi kuusoma darasani?

Serikali inapotaka, kutambua jina si kazi kubwa. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka wa 2016 kudai uraia, na muda mfupi baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa Kilifi na Kwale walitambuliwa mwaka wa 2023, baada ya vizazi vya kuvua samaki bila kitambulisho. Majina hayo mawili yalifungua shule, benki na hospitali kwa watu waliokuwa wakiishi kwa kujificha.

Si Pwani peke yake inayojua uzito wa jambo hili. Ugiriki ilibishana na jirani yake tangu 1991 juu ya jina Makedonia, na ugomvi haukuisha hadi mwaka wa 2019, nchi ile ilipokubali kuitwa Makedonia Kaskazini. Tofauti ni kwamba mataifa yale yalikaa mezani, na kila upande ulijua unachokitoa.

Likoni haijapewa meza kama hiyo. Shamba kubwa lililogawiwa maskwota kwa hatimiliki mwaka wa 2016 bado linatajwa na kila mtu kwa jina la aliyelinunua, shamba la Waitiki. Sasa Dongo Kundu kunajengwa ukanda maalumu wa kiuchumi na barabara mpya, na kila mradi huja na ramani, na kila ramani huja na majina. Wahandisi wataandika watakachoambiwa na ofisi. Baada ya miaka 20 hicho ndicho kitakachokuwa kwenye hati.

Serikali ya Kaunti ya Mombasa ina mamlaka ya kukusanya majina ya mitaa, visima, makaburi na misitu ya Likoni, Kisauni na Changamwe kutoka kwa wazee wa kaya na wa Thenashara Taifa, wakiwa bado hai, na kuyaingiza katika ramani rasmi kabla ya kandarasi inayofuata kutiwa sahihi. Wizara ya Elimu nayo iweke mikataba ya 1895 na 1963 katika vitabu vya historia, yote miwili, kwa Kiswahili, ili mtoto wa Shika Adabu aisome mwenyewe badala ya kusimuliwa kwenye mkutano wa siasa.