Mwimbaji na Picha Yake: Freddie Mercury katika Filamu na Video

Sanaa ya uimbaji ina msiba wake. Mchongaji akifa huacha kinyago, na mshairi akifa huacha diwani. Lakini kwa karne nyingi mwimbaji alipofumba kinywa, sanaa yake ilikoma papo hapo, ikabaki katika kumbukumbu za wale waliohudhuria. Santuri ilikuja kuiokoa sauti. Siti binti Saad wa Unguja aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, alituachia sauti ambayo hata leo twaweza kuisikia. Lakini jinsi alivyokaa mbele ya wasikilizaji wake, jinsi uso wake ulivyogeuka pamoja na maneno, na jinsi ukumbi ulivyompokea, hayo twayapata kwa masimulizi. Santuri ina masikio, haina macho.

Katika makala hii nakusudia kumtazama mzaliwa mwingine wa Unguja ambaye kazi yake ilinaswa na kamera karibu kila hatua, kuanzia ujana wake hadi miezi ya mwisho ya uhai wake. Huyo ni Freddie Mercury, mwimbaji wa muziki wa roki wa kundi la Queen la Uingereza. Sikusudii kumtukuza wala kumhukumu. Nataka tujiulize swali moja: picha za mwimbaji zatuhifadhia nini, na zatuficha nini? Swali hili lawahusu walimu na wanafunzi wa historia, kwa kuwa vijana wa leo huyajua mengi ya zamani kwa kuyatazama kuliko kwa kuyasoma.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, katika familia ya Waparsi, watu wenye asili ya Uajemi waliokaa Bara Hindi kwa karne nyingi na ambao hufuata dini ya Zoroasta. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Akiwa bado mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, na huko ndiko alikopiga piano pamoja na wanafunzi wenzake. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ilihamia Uingereza. Alisoma sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, London, na mwaka 1970 aliungana na Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma. John Deacon, mpiga gitaa la besi, alijiunga nao mwaka uliofuata. Yafaa tuikumbuke elimu hiyo ya michoro. Kijana huyu alijua thamani ya sura kabla hajajulikana kwa sauti, na nembo ya kundi lake aliichora kwa mkono wake mwenyewe.

Miongoni mwa filamu za mwanzo za maonyesho yao ni ile iliyopigwa Novemba 1974 katika ukumbi wa Rainbow, London. Humo twamwona mwimbaji mwenye nywele ndefu, asiye na masharubu, akishika kijiti cha maikrofoni kisicho na kitako, ambacho kilikuja kuwa kama bakora yake ya jukwaani. Filamu hiyo ilikaa miaka mingi bila kuonekana kwa ukamilifu wake, hadi mwaka 2014 ilipotolewa kwa umma, yaani miaka 40 baada ya usiku wenyewe. Lau kanda zile zingalitupwa kwa kudhaniwa kuwa hazina faida, tusingalimwona mwimbaji huyu kama alivyokuwa kabla ya umaarufu wake mkubwa.

Mwaka uliofuata lilitokea jambo kubwa zaidi, na lilitokana na shida. Mwishoni mwa Oktoba 1975 kundi lilitoa wimbo uitwao Bohemian Rhapsody, wenye urefu wa karibu dakika 6. Sehemu yake ya katikati imetungwa kwa mtindo wa opera, na sauti za waimbaji watatu zilirekodiwa moja juu ya nyingine mara nyingi hata zikawa kama kwaya kubwa. Wimbo kama huo haukuweza kuimbwa jukwaani na watu wanne kama ulivyo katika santuri, na zaidi ya hayo kundi lilikuwa likijiandaa kwa safari ya maonyesho. Basi ulipokuja wakati wa kuonekana katika televisheni ya BBC, iliamuliwa ipelekwe picha badala ya watu. Tarehe 10 Novemba, 1975, huko Elstree, mwongozaji Bruce Gowers aliipiga picha hiyo katika kanda ya video kwa saa chache tu, na gharama yake haikufika pauni 5,000.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Zile nyuso nne zinazotokeza gizani ziliiga jalada la santuri yao ya mwaka 1974, lililopigwa na Mick Rock. Naye Mick Rock aliiga picha ya mwigizaji Marlene Dietrich ya miaka ya 1930. Ule uso mmoja unaojirudia na kufifia kama mwangwi ulipatikana kwa kuielekeza kamera kwenye kioo cha televisheni kilichokuwa kikionyesha picha ya kamera hiyo hiyo, kama mtu anayejitazama baina ya vioo viwili. Wimbo ulikaa juu ya orodha ya mauzo ya Uingereza kwa wiki tisa. Picha za nyimbo zilikuwapo kabla ya hapo, lakini baada ya mafanikio hayo makampuni ya santuri yalitambua kwamba picha fupi yaweza kuufikisha wimbo mahali ambapo mwimbaji mwenyewe hafiki.

Mwaka 1984 ulileta video mbili zinazofaa kulinganishwa, zote zikiwa zimeongozwa na David Mallet. Ya kwanza ni ya wimbo Radio Ga Ga, uliotungwa na Roger Taylor kuililia redio iliyokuwa ikipoteza nafasi yake mbele ya televisheni. Ndani yake mlitiwa vipande vya Metropolis, filamu ya kimya ya Kijerumani iliyotengenezwa na Fritz Lang na kuonyeshwa mwaka 1927. Umati wa watu waliovaa mavazi ya namna moja waonekana wakipiga makofi kwa mpigo mmoja, mikono yao ikiwa juu ya vichwa. Ya pili ni ya wimbo I Want to Break Free, uliotungwa na John Deacon. Humo wanamuziki wote wanne wamevaa nguo za kike na kufanya kazi za nyumbani, wakiufanyia mzaha mchezo maarufu wa televisheni ya Uingereza. Waingereza walicheka, kwa kuwa wanaume kuvaa hivyo katika vichekesho ni desturi ya siku nyingi katika michezo yao ya jukwaani. Huko Marekani, ambako mchezo ule haukujulikana kwa wengi, video hiyo iliwachukiza baadhi ya watazamaji. Katika nchi za Amerika ya Kusini watu waliushika wimbo wenyewe kama wimbo wa kudai uhuru. Picha ilikuwa moja, nayo ilisomwa kwa namna tatu. Mwanafunzi na ajifunze hapa kwamba picha haijielezi yenyewe. Huelezwa na mila za macho yanayoitazama.

Hayo ni mambo ya studio, ambamo kosa hufutwa na tendo hurudiwa. Uwanjani mambo ni mengine. Tarehe 13 Julai, 1985, katika uwanja wa Wembley, London, lilifanyika tamasha la Live Aid la kuchangisha fedha kwa ajili ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa nchini Ethiopia. Watu wapatao 72,000 walikuwapo, na wengine wengi duniani walitazama kwa njia ya televisheni. Queen walipewa dakika 20 hivi, wakaimba nyimbo sita. Jua lilikuwa halijatua, kwa hiyo hapakuwa na taa za kumremba mtu. Kamera hazikuwa zao, wala hapakuwa na nafasi ya kurudia. Ulipofika wimbo wa Radio Ga Ga, umati wote ulinyanyua mikono na kupiga makofi kama wale watu wa video. Hapakuwa na mwongozaji aliyewaamuru. Picha iliyotengenezwa ndani ya studio ilikuwa imewafundisha watu, na sasa watu walimrudishia mwimbaji somo lake akiwa hai mbele yao.

Kisha alifanya jambo lisilohitaji hata maneno. Alitoa sauti, umati ukaipokea. Akairefusha, nao wakairefusha. Akaipindapinda, nao wakamfuata. Msomaji aliyekulia katika ngoma zetu aujua utaratibu huo: kiongozi hutoa na waitikiaji hupokea, na ngoma isiyo na waitikiaji haichezeki. Si haki kudai kwamba aliuchukua Unguja, kwa kuwa mwito na kiitikio ni mali ya mataifa mengi. Lakini ni haki kusema kwamba filamu ile yatuonyesha kitu ambacho santuri haikuweza kukihifadhi, nacho ni ule mkataba kati ya mwimbaji na watu wake.

Mwaka 1986 kundi lilizunguka Ulaya, na maonyesho mawili ya safari hiyo yamebaki katika filamu. Moja ni la Wembley, Julai 1986. La pili ni la tarehe 27 Julai huko Budapest, Hungaria, nchi iliyokuwa wakati ule chini ya serikali ya kikomunisti. Filamu yake ilitengenezwa na Wahungaria wenyewe, chini ya uongozi wa János Zsombolyai. Ndani yake mna kitendo kidogo ninachokipenda kuliko fataki na taa zote. Mwimbaji asimama kuimba wimbo wa jadi wa Wahungaria kwa lugha yao asiyoijua, na maneno ameyaandika katika kiganja cha mkono. Mara kwa mara akichungulia kiganja, kama mwanafunzi asiyelikariri shairi lake vizuri, na uwanja mzima wamsaidia kuimba. Mtengenezaji mwingine angaliweza kukikata kitendo hicho ili kulinda heshima ya nyota. Kwa kukiacha, alituhifadhia adabu ya mgeni aliyeiheshimu lugha ya wenyeji wake. Onyesho la mwisho la Mercury akiwa na kundi lake lilifanyika Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti, mwaka huo huo.

Sasa tuufikie upande wa pili wa swali letu. Tarehe 30 Mei, 1991, Mercury aliingia studio kwa video ya wimbo These Are the Days of Our Lives. Alikuwa mgonjwa sana. Picha hiyo ilitolewa bila rangi, ikiwa nyeusi na nyeupe tu, jambo ambalo lilisitiri kiasi hali ya mwili wake. Hachezi wala hakimbii. Asimama karibu mahali pamoja, amekonda, akiimba kwa utulivu. Brian May aonekana pamoja na wenzake, ilhali siku ile hakuwapo. Sehemu yake ilipigwa baadaye na kuunganishwa. Hivyo katika dakika chache mna mambo mawili ambayo jicho peke yake haliwezi kuyagundua: maradhi yaliyositiriwa na mtu asiyekuwapo anayeonekana yupo. Tarehe 23 Novemba, 1991, Mercury alitangaza kwamba ana UKIMWI. Siku ya pili yake alifariki, akiwa na umri wa miaka 45. Aitazamaye video hiyo leo huona ndani yake buriani. Lakini maana hiyo hatukuipata katika picha, tumeipata katika tarehe.

Mwaka 2018 ilitoka filamu ya kuigiza juu ya maisha yake, nayo ilimpatia mwigizaji Rami Malek tuzo ya Oscar. Ndani yake mwimbaji apata habari za ugonjwa wake kabla ya Live Aid ya 1985, ingawa waliokuwa karibu naye walisimulia kwamba aliijua hali yake mwaka 1987. Mwandishi wa mchezo ana ruhusa ya kupanga matukio ili hadithi ipendeze. Hatari ni kwamba watu wengi zaidi watauamini mchezo kuliko kumbukumbu halisi, maana mchezo una machozi, na tarehe hazina.

Kwa hiyo hatuna budi kuzisoma picha kama tunavyozisoma barua na hati za kale. Mwalimu awafundishe wanafunzi wake kuuliza: Nani aliyeipiga picha hii? Aliipiga kwa ajili ya nani? Ilipigwa kwa mara moja au imeunganishwa? Kipi kimeachwa nje? Mwanafunzi aliyezoea maswali hayo kwa video ya wimbo hatadanganyika kwa urahisi na picha za mambo mazito zaidi.

Tena lipo la kwetu wenyewe. Mwaka 2019 ilifunguliwa nyumba ya makumbusho ya Freddie Mercury huko Shangani, Mji Mkongwe, na wageni huja kutazama picha zake. Ni vyema. Lakini Zanzibar hiyo hiyo ilianzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara ilingoja hadi miaka ya 1990. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alipata bahati ya kutengenezewa filamu iliyotoka mwaka 2006, akiwa bado hai. Je, ni wangapi katika manju, malenga na waimbaji wetu waliopata bahati hiyo? Kanda huota ukungu, mafundi hustaafu, na wenye kuyajua majina ya walio katika picha hufariki. Kila shule iliyo karibu na mzee ajuaye ngoma ya mahali pake na impige picha leo, kwa idhini yake, na iandike jina lake, mahali na tarehe. Mzee huyo pia ana watu wake wanaomwitikia, na itikio lao lastahili kuonwa na watakaozaliwa baada yao.